Kabla Hujanunua Seva: Mwongozo wa Hifadhi na Seva Pepe kwa SACCO za Embu

Mabwawa matano ya Seven Forks, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yamejipanga kwenye Mto Tana upande wa Mbeere. Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225. Lakini mwenye ofisi mjini Embu anajua kwamba kukaa karibu na bwawa si kuwa na stima. Mvua za Aprili na Novemba huja na radi, na usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilizima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaonja giza. Ukipanga seva ya hifadhidata hapa, chukulia kwamba stima itakatika katikati ya muamala. Ukianza na dhana hiyo, mengi ya kununua na ya kutonunua yanajipanga yenyewe.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa jukumu la IT, au mhasibu uliyebandikwa kazi hiyo kwa sababu ndiwe unayejua Excel. Mifano yangu ni ya SACCO, kwa kuwa pesa ndizo hupigiwa kelele kwanza, lakini hospitali, chuo au kiwanda cha majani chai kitafuata hatua zilezile.

Kinachotokea kabla risiti haijatoka

Mwanachama kutoka Kibugu ameleta shilingi 8,000 za kuweka. Keshia anabonyeza. Hifadhidata haikimbilii kubadilisha akaunti kwenye diski. Kwanza inaandika mstari kwenye logi ya miamala, kisha inauagiza mfumo wa kompyuta uhakikishe mstari huo umefika kwenye diski kabisa. Diski inajibu kwamba imeshaandika. Hapo ndipo risiti inatoka. PostgreSQL, MySQL, SQL Server na Oracle zote hutegemea utaratibu huu. Stima ikipotea sekunde moja baadaye, hifadhidata ikiamka inasoma logi na kukamilisha kilichobaki njiani.

Kila kitu kimesimama juu ya jibu hilo moja la diski. Kuna SSD za bei nafuu zinazojibu kwamba zimeandika ilhali data bado inaelea kwenye kumbukumbu yao ya muda. Stima ikikatika hapo, mwanachama ana risiti mkononi na mfumo hauna habari naye. Ukiingiza seva pepe unaongeza matabaka kati ya hifadhidata na diski: programu inayogawa seva ya chuma kuwa seva kadhaa, kache yake, kontrola, halafu diski yenyewe. Tabaka lolote kati ya hayo linaweza kudanganya. Kazi yako ya kwanza ni kuziba uongo huo. Kasi inafuata, na siku hizi kasi ni rahisi kuinunua.

Hatua ya kwanza: pima mzigo ulio nao

Muuzaji atakuuliza una wanachama wangapi kisha akupe bei. Usikubali. Idadi ya wanachama haisemi mengi kuhusu diski. Majira ya pesa ndiyo yanayosema. Wakulima wa muguka wa Mbeere huuza karibu kila siku, kwa hiyo miamala yao imetawanyika. Mishahara ya walimu huingia kwa kishindo mwisho wa mwezi. Wakulima wanaopeleka majani Mungania au Rukuriri hulipwa kila mwezi, halafu bonasi ya KTDA huja kwa kawaida karibu na Oktoba, na wiki hiyo kaunta hujaa kutoka asubuhi. Januari ni karo. Pima katika vilele hivyo. Wastani wa mwaka hautakusaidia siku ya bonasi.

1. Kwenye seva ya sasa, rekodi operesheni za diski kwa sekunde, kusoma na kuandika kila kimoja peke yake. Tumia iostat kwenye Linux au Performance Monitor kwenye Windows. Endesha kwa mwezi mzima, ikiwemo siku ya mishahara.
2. Rekodi muda ambao kila operesheni inasubiri diski. Kwenye SSD nzuri, kuandika logi hakupaswi kuzidi milisekunde 1 au 2. Ukiona 20 na kuendelea, keshia anasubiri diski, na huenda lawama anaitupia intaneti.
3. Andika ukubwa wa hifadhidata leo na jinsi ilivyokua kwa miezi 12 iliyopita.
4. Orodhesha kazi za usiku: riba, ripoti, bakapu. Mara nyingi kilele cha diski kiko saa nane usiku, wala si saa nne asubuhi.
5. Ipelekee bodi maswali mawili, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. La kwanza: tukipata janga, tunaweza kuvumilia kupoteza data ya dakika ngapi? La pili: kaunta inaweza kufungwa kwa saa ngapi?

Jambo la 5 kwenye orodha hii hurukwa kila mara. Bodi ikijibu "hakuna kupoteza, hakuna kufunga", waonyeshe bei ya jibu hilo. Kwa kawaida watashuka hadi dakika 5 na saa 4, na hapo ndipo una bajeti ya kweli ya kufanyia kazi.

SANDUKU: Hesabu ya mfano

Tuseme umepima operesheni 1,500 kwa sekunde kwenye kilele: 900 za kusoma, 600 za kuandika. Kila mpangilio wa RAID, yaani namna ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, unatoza ushuru wake kwenye kuandika. RAID 10 huandika mara 2 kwa kila ombi, RAID 5 hufanya operesheni 4, RAID 6 hufanya 6.

- RAID 10: 900 + (600 × 2) = 2,100
- RAID 5: 900 + (600 × 4) = 3,300
- RAID 6: 900 + (600 × 6) = 4,500

Diski ya kuzunguka ya mizunguko 10,000 kwa dakika hutoa takriban operesheni 140. Utahitaji diski 16 za namna hiyo kwa RAID 10, 24 kwa RAID 5, 33 kwa RAID 6. SSD moja ya seva hufanya makumi ya maelfu.

Sasa ukubwa. Data ni GB 300 na inakua GB 5 kwa mwezi. Baada ya miaka 5 itakuwa GB 600. Ongeza GB 80 za logi na GB 60 za kazi za muda: 740. Acha asilimia 30 wazi, kwa hiyo gawanya kwa 0.7. Unapata karibu GB 1,060. Jozi moja ya SSD za TB 1.92, zinazoandika kitu kimoja kwa pamoja, inatosha na kubakiza.

Hatua ya pili: chagua diski

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niseme waziwazi: SACCO ya ukubwa huu haihitaji kabati la diski la pamoja, lile linalouzwa kwa jina la SAN. Ni sanduku moja la bei kali, na likilala, kila kilicholitegemea kinalala nalo. Kipuri chake hakiko Embu; kiko Nairobi, kilomita 125 hivi, kama kipo. Pesa hizo zinunue seva mbili zinazofanana, kila moja na diski zake ndani, kisha hifadhidata yenyewe inakili kila muamala kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Fundi yeyote anayeelewa Linux au Windows ataweza kukusaidia saa mbili usiku.

Unapoandika mahitaji ya zabuni, weka haya kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma:

- SSD za daraja la seva zenye ulinzi wa kukatika umeme ndani ya diski, yaani kapasita zinazoipa diski nguvu ya kumalizia kuandika. Taja sifa hii, kwa sababu SSD za laptop hazina na kwa macho zinafanana.
- Ustahimilivu: kuandikwa upya yote angalau mara 1 kwa siku katika miaka 5 ya dhamana.
- Kontrola ya RAID, kama ipo, iwe na betri au kapasita ya kulinda kache yake. Ukitaka kutumia mfumo wa faili wa ZFS, usiweke kontrola ya RAID katikati; ZFS inataka kuziona diski moja kwa moja.
- Diski moja ya akiba, iliyofungwa kabatini ofisini kwako.

Jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii: diski zilizotoka kiwandani pamoja, zikafanya kazi sawa, huzeeka pamoja. Kwa jozi inayoandika kitu kimoja, omba diski za matoleo tofauti ya uzalishaji, au badilisha moja mapema.

RAID haihesabiwi kama bakapu. Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, RAID italifuta kwa uaminifu kwenye diski zote.

Hatua ya tatu: seva pepe, na mipaka yake

Faida yake ni ya kweli. Badala ya seva tano za chuma, kila moja ikinyonya stima na kutumia asilimia 10 ya uwezo wake, unakuwa na mbili. Seva pepe unaweza kuihamisha kutoka chuma kimoja hadi kingine, na unaweza kupata mazingira ya majaribio bila kununua kitu. Lakini hifadhidata si mpangaji wa kawaida. Seva ya wavuti ikinyimwa kumbukumbu kidogo inapunguza mwendo tu. Hifadhidata ikinyimwa inaanza kusoma diski kwa kila swali, na kaunta nzima inasimama.

Kwanza chagua programu ya kugawa seva. Broadcom walikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni usajili wa muda. Kama ofisi yako bado ina bajeti iliyoandikwa kabla ya hapo, irudie. Proxmox VE, inayotumia KVM ya Linux, haidai leseni ili ifanye kazi, ingawa msaada wa kitaalamu unalipiwa. Hyper-V huja na Windows Server. Zote tatu zinaweza kubeba hifadhidata ya SACCO vizuri. Mimi ningeangalia zaidi ni ipi ambayo watu wawili ofisini wanaweza kuirekebisha mmoja akiwa likizo.

Leseni ya hifadhidata ihesabiwe kabla ya kuchagua prosesa. SQL Server ikilipiwa kwa seva pepe, kila seva pepe hulipiwa viini (cores) visivyopungua 4 hata ukiipa 2. Oracle nayo haiukubali mgawanyo wa VMware kama kipimo: inaweza kudai leseni ya viini vyote vya seva za chuma ambazo hifadhidata inaweza kuhamia. Prosesa ya viini 32 inayoonekana kuwa nafuu inaweza kuwa ndiyo bili kubwa kuliko zote kwenye mradi.

Kisha sanidi hivi:

1. Itengee hifadhidata kumbukumbu yake yote. Isiazimwe na seva pepe nyingine. Ikiwa ina GB 64, ziwe zake usiku na mchana.
2. Ipe viini inavyohitaji, si vyote vilivyopo. Anza na 4 au 8, pima, ongeza. Jumla ya viini ulivyogawa isizidi vya chuma kwenye seva inayobeba hifadhidata.
3. Tumia kontrola za diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva pepe: VirtIO SCSI kwenye Proxmox, PVSCSI kwenye VMware. Zile zinazoiga vifaa vya zamani huchelewesha kila operesheni.
4. Kwenye Proxmox, acha mpangilio wa kache ya diski kwenye hali yake ya kawaida ya kutotumia kache. Kuna chaguo linaloitwa "unsafe", na jina lake ni onyo tosha: hupuuza ombi la hifadhidata la kuhakikisha data imefika kwenye diski. Majaribio ya kasi yatapendeza. Usiiguse.
5. Tenganisha diski pepe: moja ya mfumo, moja ya data, moja ya logi, moja ya kazi za muda. Logi ikijaa isiue mfumo. Kwa SQL Server, fomati diski za data na logi kwa vipande vya KB 64.
6. Tenga nafasi yote ya diski pepe tangu mwanzo. Ukiahidi GB 3,000 juu ya diski ya GB 1,900 ukitumaini hazitajaa zote, siku zitakapojaa seva pepe zote zitasimama pamoja.
7. Hifadhidata kuu na nakala yake zikae kwenye seva mbili tofauti za chuma, na uizuie programu isizihamishie pamoja.

Klasta ya seva mbili ina mtego. Kebo kati yao ikikatika, kila moja itadhani mwenzake amekufa, na zote mbili zinaweza kuanza kupokea miamala. Ongeza kura ya tatu: kompyuta ndogo tu, kwenye swichi nyingine, kazi yake ni kuamua nani anaendelea. Bila hiyo, acha ubadilishaji ufanywe na mtu kwa mkono. Dakika 20 za kaunta iliyofungwa ni nafuu kuliko vitabu viwili vinavyopingana.

ONYO: picha ya papo

Picha ya papo (snapshot) ya seva pepe inavutia kwa sababu unabonyeza mara moja tu. Ichukue kabla ya kusasisha mfumo, ifute ndani ya siku moja. Ikiachwa wiki tatu, inanenepa, inapunguza kasi, na kuifuta kunaisulubu diski kwa saa nyingi. Tena inakaa kwenye diski ileile, kwa hiyo diski ikifa inakufa nayo.

Hatua ya nne: stima

Jumlisha wati za seva mbili, swichi na ruta, kisha nunua UPS itakayobeba mzigo huo kwa dakika 20. Sababu ya dakika 20 ni jenereta: mlinzi aamke, apate ufunguo, mashine ikatae mara ya kwanza. Kama una jenereta inayojiwasha, bado panga kama haijiwashi.

Unganisha UPS na seva kwa kebo yake ya data. Programu ya bure ya NUT, au ile ya mtengenezaji, izime vitu kwa mpangilio betri ikifika asilimia 40: kwanza programu ya kaunta, kisha hifadhidata, kisha seva za chuma. Weka stima ikirudi seva zisiamke hapo hapo. Umeme unaorudi mara nyingi hupepesa, hukatika tena, hurudi ukiwa juu. Subiri dakika 10. Nguzo ya ardhi (earthing) ipimwe na fundi mwenye leseni kabla ya mvua za Machi. Betri za UPS zibadilishwe kila miaka 3 hivi hata kama taa bado ni ya kijani.

Hatua ya tano: bakapu na njia ya kurudi

Nakala tatu, juu ya aina mbili za hifadhi, moja nje ya jengo. Hiyo inajulikana. Kinachosahaulika ni hesabu ya kurudi. Bakapu ya GB 300 ikiwa Nairobi tu, na laini yako ni Mbps 20, kuishusha kutachukua saa 33. Bodi ilisema saa 4. Basi lazima nakala moja iwe Embu, kwenye mashine tofauti na zile mbili, na ikiwezekana kwenye tawi la Runyenjes au Siakago ambako transfoma si ile yako.

Kunakili kwenda nje kusiwe kwa kusubiriana. Ukiweka kila muamala usubiri jibu la Nairobi, fiba ikikatwa na mtambo wa barabara, kaunta ya Embu inasimama nayo. Tuma logi kila dakika 5. Hizo ndizo dakika ulizoahidi bodi.

Wezi wa mtandao hutafuta bakapu kwanza. Nakala moja ilindwe isiweze kufutwa kwa nenosiri la msimamizi wa kawaida, au iwe diski inayochomolewa na kufungiwa sefu. Diski hiyo isimbwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ujue kwamba taarifa za watu zimefikiwa na wasioruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru. Diski iliyosimbwa vizuri ikipotea kwenye matatu ni hasara ya diski. Isiyosimbwa ni majina, vitambulisho na mikopo ya watu wote.

Kila baada ya miezi mitatu, rudisha bakapu kwenye seva pepe tupu. Shika saa. Kisha mhasibu alinganishe jumla ya amana na ripoti ya siku ile. Faili kufunguka hakutoshi. Shilingi lazima zilingane.

Makosa yanayorudiwa

- Kuweka bakapu za usiku kwenye diski za data yenyewe.
- Kumpa muuzaji nenosiri la msimamizi na kulisahau kwake.
- Kuendesha toleo lisilo na msaada. SQL Server 2014 ilifika mwisho Julai 2024. Ya 2016, mwisho wake ni Julai 2026.
- Kusubiri diski ifike asilimia 95 ndipo ulie. Weka kengele kwenye 75.
- Kuhamia seva mpya wiki ya bonasi.

Siku ya kupokea seva: jaribio la kuchomoa

Usitie sahihi kwa sababu seva imewaka. Seva ikiwa bado haina data halisi, fanya hivi mbele ya muuzaji:

1. Andaa programu fupi inayoingiza nambari 1, 2, 3 na kuendelea kwenye hifadhidata, kila moja muamala wake.
2. Programu iendeshwe kutoka laptop. Kila hifadhidata inapojibu kwamba nambari imehifadhiwa, laptop iiandike kwenye faili lake.
3. Iache iende dakika 5, halafu chomoa kebo za stima za seva ya chuma. Zote. Usizime kwa adabu, na UPS isihusike.
4. Rudisha stima. Subiri hifadhidata iamke na kumaliza kusoma logi.
5. Linganisha nambari ya mwisho ya laptop na ya hifadhidata.
6. Rudia mara kumi, ukibadilisha muda wa kuchomoa. Kufaulu mara moja kunaweza kuwa bahati.

Hifadhidata inaweza kuwa na nambari moja zaidi ya laptop, ile iliyokuwa njiani kurudi. Hiyo ni sawa. Ikikosa hata moja ambayo laptop ilishaambiwa imehifadhiwa, mwache muuzaji atafute tabaka linalodanganya, abadilishe diski au mpangilio kwa gharama yake, na jaribio lianze upya kutoka hatua ya 1.